Fleti kando ya kanisa la kale: kabla ya kuhesabu ghorofa, uliza kuhusu shimo

Kisumu inakua kwa kwenda juu. Milimani, Tom Mboya, Riat, Kibuye: nyumba moja iliyokuwa na bustani na mwembe inabomolewa, na muda si mrefu familia kadhaa zinaishi pale pale, moja juu ya nyingine. Makanisa mengi ya zamani yako kwenye sehemu zizo hizo ambazo ploti zake sasa zinagombaniwa. Ndiyo maana bango la mjengo linaweza kusimamishwa hatua chache tu kutoka kwenye ukuta wa mawe uliojengwa na mababu wa waumini wa leo.

Bango likisimama, maneno yanaanza, kwenye makundi ya WhatsApp ya waumini, kwenye matatu, nje ya kanisa baada ya ibada. Mmoja anasema ni marufuku kujenga karibu na kanisa la kale. Wa pili anasema mwenye ploti ana hati yake, ajenge hadi mawinguni akitaka. Wa tatu anawatuliza wote kwamba NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, imeshapiga muhuri, kwa hiyo hakuna la kujadili. Wote watatu wamekosea. Tena karibu kila mara ubishi wao unahusu jambo moja tu, yaani idadi ya ghorofa, na hapo ndipo kanisa linapoponzwa. Kanisa la kale huumizwa kwanza na kinachofanyika ardhini, wiki chache kabla ya ghorofa ya kwanza kuonekana, wakati majirani bado wanabishana kuhusu ya nane.

Turathi ni ipi, na nani anailinda

Katika mazungumzo ya kawaida, turathi ni chochote tulichoachiwa na waliotutangulia nasi tukakiona kina thamani. Kwa maana hiyo kila kanisa la wazee wetu ni turathi. Sheria haiendi mbali hivyo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inalipa jengo la kale ulinzi kamili pale Waziri anapolitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali, baada ya kushauriana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Tangazo hilo hutoa miezi miwili kwa yeyote mwenye pingamizi kulipeleka. Jengo likishapita hapo linakuwa jengo la kumbukumbu, na kuliharibu ni kosa la jinai.

Umri peke yake hautoshi. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence. Wamisionari wa Kanisa la Friends walianza kazi Kaimosi mwaka 1902, na Waanglikana wakafungua kituo cha Maseno mwaka 1906. Basi makanisa ya mawe ya upande huu wa nchi, hata yale ya mwanzo kabisa, yamezidi miaka mia kwa kidogo tu, na mengi hayajafika. Kuna makanisa yanayopendwa mno ambayo hayajawahi kutajwa kwenye Gazeti Rasmi. Kwa sheria ya turathi, makanisa hayo ni majengo kama mengine. Waumini wasingoje bango la jirani ndipo waulize hali ya kanisa lao. Makumbusho ya Kisumu yako pale pale mjini tangu 1980, na swali hilo linaweza kuanzia hapo.

Mkanganyiko mwingine unatokana na Katiba ya 2010. Jedwali lake la Nne liliipa serikali ya kitaifa majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, na likazipa kaunti mipango ya miji na nyumba. Kwa hiyo kanisa liko kwenye mlango mmoja na fleti iko kwenye mlango mwingine. Mwananchi anayebisha mlango mmoja tu huambiwa, kwa haki kabisa, kwamba jambo lake si la pale.

Mlango wa fleti ni kaunti. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inasema hakuna kujenga bila idhini ya kaunti. Anayeomba idhini hiyo anatakiwa kuwajulisha wananchi kuhusu mradi, na tangazo lake liwaalike walio na pingamizi kulipeleka kwa kaunti. Hapa kuna kifungu ambacho waumini wengi hawakijui, nacho kinawagharimu: kaunti isipomjibu mwombaji kwa maandishi ndani ya siku 60, idhini inachukuliwa kuwa imetolewa. Kukaa kimya kukitarajiwa kwamba ofisi itakataa yenyewe ni kuiachia saa ifanye uamuzi. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti, na kutoka hapo kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

NEMA ni mlango wa tatu. Leseni yake inahusu athari kwa mazingira, haichukui nafasi ya idhini ya kaunti, na inaweza kupingwa kwenye baraza la rufaa za mazingira (National Environment Tribunal) ndani ya siku 60. NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi, nayo inasajili mradi na makontrakta. Kisumu kuna na mlango wa nne ambao watu husahau: jengo refu lililo karibu na njia za ndege za uwanja wa ndege linahitaji kibali cha urefu kutoka kwa mamlaka ya usafiri wa anga. Katika milango yote hii hakuna hata mmoja ambao kazi yake ni kupima kama ukuta wa kanisa jirani utapasuka. Kazi hiyo ni ya msanifu majengo na mhandisi wa mwenye ploti, na wataifanya vizuri zaidi wakijua kuwa jirani yao anajua la kuuliza.

Ukuta mnene na msingi mfupi

Watu huangalia kuta za kanisa la kale zenye unene wa nusu mita na kusema jengo hili halitikisiki. Kweli, ukuta kama huo unabeba uzito kwa ustadi mkubwa, mradi uzito unashuka moja kwa moja chini. Usichoweza ni kupindika. Mawe yake yameshikanishwa kwa chokaa, hakuna chuma ndani, na msingi wake mara nyingi ni mawe yaliyopangwa kwenye mtaro usio na kina. Fleti mpya ni kinyume chake. Mifupa yake ni ya zege yenye vyuma, na ikivutwa kidogo huku na kule inavumilia. Ardhi ikishuka milimita chache sawasawa chini ya kanisa zima, hakuna atakayejua. Ikishuka milimita hizo hizo chini ya kona moja tu, ukuta unachanika kutoka kona ya dirisha kwenda juu, kwa mshazari.

Kinachoishusha kona moja ni shimo. Fikiria magunia ya mahindi yaliyopangwa ghalani hadi karibu na dari. Yanasimama kwa sababu yanabanana. Ukiyatoa ya chini upande mmoja, rundo zima huegemea palipoachwa wazi, ingawa hukuyagusa ya juu. Udongo ulio chini ya kanisa umebanwa hivyo hivyo na udongo wa ploti ya jirani. Ukiuchimba wa jirani kwa ajili ya maegesho ya magari chini ya ardhi, umeondoa magunia ya pembeni.

Wahandisi wana kipimo cha haraka ambacho hata mzee wa kanisa anaweza kukitumia. Anzia ukingo wa chini wa msingi wa kanisa, uchore mstari unaoteremka kwa nyuzi 45 kuelekea kwenye ploti. Shimo likivuka mstari huo, limeingia kwenye udongo unaobeba kanisa. Chukua msingi wenye kina cha mita 1 na shimo la mita 4. Tofauti ni mita 3. Ukingo wa shimo ukiwa mita 5 kutoka kanisani, mstari haujavukwa. Ukiwa mita 2, umevukwa, na ndipo mhandisi anatakiwa kuonyesha kwenye karatasi jinsi atakavyoushikilia udongo huo siku zote za kuchimba: kwa safu ya nguzo za zege zilizotobolewa ardhini kabla ya shimo kuanza, au kwa kuchimba vipande vifupi kimoja kimoja na kukijenga kila kipande kabla ya kufungua kingine. Trekta la kuchimba likiletwa lifungue upande wote kwa siku moja, kipimo chochote kitakachofuata kimechelewa.

Kipimo hicho cha nyuzi 45 ni cha kuanzia tu, hasa kwa Kisumu. Sehemu nyingi zinazoelekea nyanda za Kano zina udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Udongo huo hubadilika kwa maji kabla hata haujabadilika kwa uzito. Shimo likikaa wazi kiangazi kizima, linaunyausha udongo ulio chini ya kanisa, nao unasinyaa. Ukikata miti mikubwa mpakani, mizizi iliyokuwa ikinywa maji miaka yote inaacha kunywa, na udongo unavimba. Karibu na ziwa kuna tatizo jingine: maji ya chini yako juu, kwa hiyo kontrakta huweka pampu shimoni, na pampu hiyo huyavuta maji hata chini ya jirani. Kanisa linaweza kushuka kwa sababu ya pampu iliyo mbali na mstari wowote wa nyuzi 45.

Shimo likishamalizika, maji hayaishi. Paa la fleti lenye mita za mraba 400 likinyeshewa milimita 50, mvua ambayo alasiri moja ya masika Kisumu inaweza kuileta, linamwaga lita 20,000. Ramani ionyeshe zinaelekea wapi. Nimeona ramani nzuri za fleti ambazo bomba la mvua linaishia kwenye mstari wa mpaka na mchoro unaishia hapo hapo, kana kwamba ng'ambo ya mstari hakuna mtu.

Mitetemo ndiyo sehemu ambayo sheria yetu na hali ya jengo la kale haziafikiani vizuri. Kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zinakataza mtetemo unaozidi sentimita 0.5 kwa sekunde kwenye mpaka wa mahali unapotoka. Hiyo ni kasi ya ardhi inapotikisika, sawa na milimita 5 kwa sekunde. Kiwango cha Ujerumani kiitwacho DIN 4150-3, ambacho wahandisi wa nchi nyingi hukitumia, kinaruhusu milimita 5 kwa nyumba za kawaida za kuishi kwa mitetemo ya polepole, lakini kwa majengo ya kale yaliyo dhaifu kinashuka hadi milimita 3. Kwa maneno mengine, kontrakta anaweza kuwa ametii sheria ya Kenya barabara na bado akalipasua kanisa. Suluhisho si gumu. Kiwango cha milimita 3 kiandikwe kwenye mkataba, kifaa cha kupima kiwekwe kwenye ukuta wa kanisa, na nguzo za msingi zitobolewe badala ya kugongwa.

Mfano maarufu uko Boston, Marekani. Kanisa la Trinity, lililofunguliwa mwaka 1877, limesimama juu ya nguzo za mbao takriban 4,500 zilizopigwa kwenye ardhi iliyojazwa. Kando yake likajengwa jengo la ghorofa 60, John Hancock Tower, lililokamilika 1976. Msanifu wake, Henry Cobb, alilifikiria kanisa kwa makini alipokuwa akichora. Alilipa jengo umbo la pembe nne lililolala mshazari ili upana wake usilikabili kanisa, na akalivika kioo kinachoakisi mawe ya jirani. Anayetazama leo hulisifu. Lakini wakati wa kuchimba, kuta za kuzuia udongo zilisogea, ardhi ya kanisa ikasogea pamoja nazo, na kanisa likapata nyufa. Kesi ilichukua miaka, na mwaka 1987 mahakama ya juu ya jimbo la Massachusetts ikalipa kanisa haki yake. Mtu alifanya vizuri juu ya ardhi, na jirani akaumizwa chini yake.

Jua la Kisumu na ibada ya asubuhi

Baada ya ardhi, mwanga. Watu wengi hudhani jengo refu linatia kivuli popote lilipo kwa kiasi kile kile. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, na jambo hilo linabadilisha hesabu. Adhuhuri jua liko karibu na utosi mwaka mzima. Hata mwezi Juni, linapokuwa limeenda kaskazini kwa nyuzi 23 na nusu, jengo la mita 20 lililo kaskazini mwa kanisa linatupa kivuli cha mita 9 hivi tu saa sita mchana. Upande wa kaskazini na wa kusini si wa kuogopwa sana.

Mashariki ndiko kwenye shida. Makanisa mengi ya kale yalijengwa madhabahu yakielekea mashariki, ili mwanga wa asubuhi uingie kupitia dirisha lililo juu yake. Mwezi Machi au Septemba, saa mbili asubuhi kwa saa zetu, jua la Kisumu liko nyuzi 20 hivi tu juu ya upeo wa macho, na jengo la mita 20 linatupa kivuli cha zaidi ya mita 50 kuelekea magharibi. Saa tatu kivuli kimebaki mita 30 hivi. Saa nne ni mita 17. Maana yake fleti ya ghorofa sita au saba iliyo mita 15 mashariki ya kanisa italizima dirisha la madhabahu kwenye ibada ya kwanza ya Jumapili na kulirudishia mwanga ibada ya pili ikiendelea. Kuiongezea fleti hiyo ghorofa mbili hakubadilishi sana hali. Kuisogeza mita kumi kunasaidia zaidi, na kuipasua iwe majengo mawili yenye uwazi katikati, mbele ya dirisha lile, kunasaidia kuliko yote. Msanifu asiyeuliza saa za ibada hawezi kulijua hili, na hakuna fomu ya kaunti inayomlazimisha kuuliza.

Upepo nao uhesabiwe. Alasiri upepo wa ziwani huingia nchi kavu, na kanisa la kale lisilo na feni wala viyoyozi lilijengwa likiutegemea: madirisha yanayotazamana, paa la juu, matundu karibu na mbao za dari. Fleti ikisimama kama ukuta mmoja mrefu upande wa ziwa, kanisa linakuwa tanuri kwenye mazishi ya saa nane mchana. Mjengo mwembamba, au wenye pengo linalopitisha hewa, unaepusha hilo.

Je, fleti ifanane na kanisa?

Wengi wanaamini kwamba heshima ni kuiga. Fleti inachorewa madirisha ya matao, inabandikwa vigae vinavyofanana na mawe, na juu inawekwa kimnara. Mimi naona hilo linalidhulumu kanisa. Mgeni akifika baada ya miaka thelathini hatajua lipi ni la kweli, na lile la kweli, lililochongwa kwa mkono jiwe kwa jiwe, litaonekana kama moja ya mapambo. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wa majengo duniani wanauegemea, unasema jengo la kale haliwezi kutenganishwa na mazingira yake. Haukusema mazingira hayo yavae sare.

Kuheshimu kunaonekana kwenye vipimo. Msanifu mzuri hutafuta kwanza mstari wa ukingo wa paa la kanisa, pale mabati au vigae vinapoanzia juu ya ukuta, na kuifanya sehemu ya mbele ya fleti imalizike hapo au karibu na hapo. Ghorofa zinazofuata zinarudi nyuma. Mtu aliyesimama barabarani anaona majengo mawili yanayozungumza kwa sauti moja, na zile ghorofa nyingine ziko nyuma, hazimsumbui. Rangi iwe tulivu. Kioo kikubwa kinachong'aa kiepukwe upande wa kanisa, kwa kuwa hapa kwetu kinarusha joto na mwanga mkali kwenye madirisha ya jirani. Jenereta, matangi na matundu ya vyoo yasiangalie uwanja ambao maharusi hupigia picha.

Wenye ploti huogopa kwamba haya yote yanawapunguzia vyumba. Hapa kuna istilahi mbili za kuelewa. Kiwango cha kufunika ploti ni sehemu ya ardhi ambayo jengo linaruhusiwa kuikalia. Uwiano wa ploti ni jumla ya eneo la sakafu zote likilinganishwa na ukubwa wa ploti. Ploti ya mita za mraba 1,000 yenye uwiano wa 2 inaruhusu sakafu za jumla ya mita 2,000, na kanuni haisemi mita hizo zirundikwe wapi. Zikipunguzwa upande wa kanisa na kuongezwa upande wa mbali, idadi ya vyumba inaweza kubaki ile ile. Ndiyo maana kupigania ghorofa peke yake ni kupigania kitu kisicho chenyewe: kaunti ikikata ghorofa mbili na kumwachia mwenye ploti ajaze ardhi yote hadi mpakani, kanisa limepewa shimo pana zaidi na la karibu zaidi.

Kelele zinapita pande zote mbili

Wapangaji watakapoingia, malalamiko yatageuka. Kengele, kwaya inayofanya mazoezi, kesha la Ijumaa. Zile kanuni za 2009 zinawabana wote. Kwa mahali pa ibada zinaweka desibeli 40 mchana na 35 usiku, na kwa nyumba za kuishi 45 ndani ya nyumba mchana, 35 usiku. Kanisa haliwezi kusema lilikuwapo kwanza na vipaza sauti vikaelekezwa kwenye vyumba vya kulala vya watu. Lakini msanifu ana uwezo wa kuzuia nusu ya ugomvi huo kwa kalamu yake: ngazi, jikoni na bafu ziwe upande wa kanisa, vyumba vya kulala upande mwingine. Na mwenye nyumba aandike kwenye mkataba wa kupanga kwamba kando kuna kanisa lenye kengele. Mpangaji anayejua mapema huchagua mwenyewe.

Kuna hali nyingine, ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mara nyingi anayejenga fleti kando ya kanisa si mgeni. Ni kanisa lenyewe. Wadhamini wana ardhi, wana mahitaji ya shule na zahanati, na mwekezaji anakuja na pendekezo la kujenga kwenye kiwanja cha nyuma na kugawana kodi. Sioni ubaya katika hilo. Ila hapo jirani wa kulalamika hayupo, na anayetakiwa kulitetea jengo la kale ndiye anayesubiri kodi. Waumini wana haki ya kuwauliza wadhamini maswali yale yale ambayo wangemuuliza mtu wa nje, tena kabla ya mkataba kutiwa saini.

Kabla trekta halijafika

Jambo la maana kuliko yote linagharimu kidogo. Kabla ya kuchimba, mhandisi wa mwenye ploti na mwakilishi wa kanisa wazunguke jengo pamoja, ndani na nje, wapige picha kila ufa, waupime upana, waandike tarehe, watie saini. Kila kanisa la kale lina nyufa zake za zamani. Bila kumbukumbu hiyo, kanisa litadai kila ufa ni mpya na kontrakta atadai kila ufa ni wa zamani, na hakimu hatakuwa na pa kushika. Mashimo mawili matatu madogo ya majaribio yachimbwe kando ya ukuta ili kina cha msingi kijulikane badala ya kukisiwa. Vipimo vibandikwe juu ya nyufa kubwa, na kiandikwe kiwango ambacho kikifikiwa kazi inasimama. Jina la mwenye mamlaka ya kuisimamisha liandikwe pia, pamoja na simu yake, kwa sababu ufa hauchagui siku ya kazi.

Halafu bima. Kontrakta atasema ana bima ya mjengo, na atakuwa anasema kweli. Waumini waombe kuisoma. Bima nyingi za aina hii hazilipi madhara ya jirani yanayotokana na mitetemo au kuondolewa kwa udongo unaobeba jengo lake, mpaka kipengele hicho kiongezwe na kulipiwa. Yaani zinaacha nje jambo lile lile ambalo kanisa linaliogopa. Kipengele hicho kiongezwe kwa jina la kanisa, na nakala ikae kwa wadhamini.

Ufa ukitokea pamoja na tahadhari zote, kontrakta atakuja mbio na ndoo ya simiti auzibe. Azuiwe. Simiti ni ngumu kuliko chokaa iliyo pembeni yake, mara nyingi hata kuliko jiwe, na haipumui. Maji yaliyo ndani ya ukuta wa kale huzoea kutoka kupitia chokaa. Yakikuta simiti yanatokea kwenye jiwe, nalo linaanza kumeguka uso wake. Ufa wa kanisa la kale huzibwa kwa chokaa, na fundi awe anayejua kuichanganya. Wala usizibwe haraka. Kwenye udongo mweusi ufa hufunguka na kujifunga kwa majira, kwa hiyo upimwe kila mwezi kupitia mvua za Machi hadi Mei na kiangazi cha Desemba hadi Februari. Ukionekana umetulia misimu yote miwili, ndipo uzibwe, na gharama iwe ya mwenye ploti. Mkataba useme hivyo wazi, pamoja na muda: wajibu wake usiishe siku wapangaji wanapoingia, uendelee angalau mwaka mzima baada ya hapo.